Presha ya Kemunto na Siku Tata Alipovuka Mlango Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, baba yangu amesimama nje ya nyumba yangu, kofia mkononi, maji yanamtiririka kichwani, na mimi niko ndani namwita aingie, naye haingii. Mwanangu, kama hukuzaliwa huku kwetu Kisii utacheka. Mzee analowa nje ya nyumba ya mtoto wake mwenyewe? Lakini sisi tuna chinsoni. Hiyo ni heshima kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Mwana akishaoa, baba yake haingii tena nyumbani kwake, na mkono wa mkaza mwana haushiki hata kwa salamu. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa mtu wa kushika mambo hayo kwa mikono miwili. Tangu nimlete mke wangu Kemunto nyumbani, Tata akinitaka alikuwa anasimama kule kwenye migomba anakohoa mpaka nitoke.

Nitakueleza ni kitu gani kilimfikisha mlangoni kwangu asubuhi hiyo. Lakini kwanza ujue anayekuambia ni nani.

Mimi sikusoma. Shule niliiacha nikiwa bado naandika jina langu kwa kulikisia. Leo ukishuka Keumbu uulize mwenye stoo kubwa ya ndizi, hata anayepita njia atakuonyesha kwa kidole. Malori yanayotoka hapo kwenda Nairobi na ndizi ni yangu. Nyumba ya mawe unayoiona pale juu, yenye mabati mekundu, niliijenga mimi, na hakuna mtu aliyeniachia hata jembe. Nilianza kwa kubeba mikungu mabegani, natoka nayo mashambani hadi barabarani, mpaka bega likaota sugu. Watu husema najisifu. Basi, najisifu, kwani nimemwibia nani? Nakueleza haya ili ujue kwamba nikisema kuna siku moja iliyonipa furaha kuliko malori yote, mwenye kusema anayajua malori.

Siku zile nilikuwa bado kijana wa mikungu. Kemunto alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Akaanza kunenepa uso. Mama yangu alifurahi sana. Akikutana na wanawake wenzake kisimani anawaambia, "Mmemwona mkaza mwanangu? Huyo analishwa!" Na mimi nikipita nasikia, kifua kinajaa. Kijana asiye na kitu, mke wake anang'aa hivyo, nani asingetembea kwa maringo? Pete ilipokataa kutoka kidoleni, tulicheka. Kumbe tulikuwa tunacheka uvimbe.

Siku moja akaenda kliniki, akarudi amenyamaza. Nikamuuliza kulikoni.

"Sista amenipima mkono," akasema. "Ati nina presha. Na mkojo wangu hauko sawa. Amesema niende hospitali kubwa ya mjini, nisilale nyumbani."

Mama alikuwa anachambua mboga. Akasimama na mboga zake mkononi.

"Presha? Presha ni ya watu wenye mawazo! Wewe umri huu una mawazo gani? Mume wako anakupiga?"

"Hapana, mama."

"Unalala njaa?"

"Hapana."

"Basi neno hilo liishie hapa hapa. Likifika kwenu watasema tumekutesa."

Na mimi, kijana wa maringo, nikaongeza la kwangu. "Kwani nimekunyima nini, Kemunto?"

Mwanangu, uelewe hapo, maana makosa haya bado yanafanyika mpaka leo, tena na watu waliovaa tai. Huku kwetu ukisikia mtu ana presha, unauliza nani anamsumbua. Presha ni ya mzee aliyenyang'anywa shamba. Presha ni ya mama ambaye watoto wake ni walevi. Sasa ukisema mke mchanga ana presha, ni kama umemshtaki mume wake mbele ya baraza. Kemunto akaona afadhali alinde jina langu. Akanyamaza, akachukua kikapu, akaingia kwenye majani chai pamoja na wengine.

Basi, asubuhi ile ya mvua Mama na wanawake wote walikuwa wamepeleka chai kwenye kituo cha kupimia. Wanaume walikuwa Keumbu, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko. Mimi nilikuwa navaa viatu niwafuate. Nikamsikia Kemunto ananiita kwa sauti ndogo. Nikamkuta kwenye kitanda, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinapasuka," akasema. "Na naona cheche. Kama moto wa kuni mbichi."

"Wapi tena panauma?"

Akagusa chini ya mbavu, upande wa kulia. Uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa madogo. Nikajaribu kumsimamisha, magoti yakakataa. Na kwetu, mwanangu, barabara iko juu na nyumba iko chini. Njia ni utelezi mtupu mvua ikinyesha. Nilikuwa na nguvu za kubeba mkungu wowote, lakini mtu mwenye mimba habebwi mgongoni, na kumkumbatia peke yako kwenye mlima ule ni kumwangusha. Nikatoka nje nikapiga kelele. Hakuna aliyeitika. Nikapiga tena. Ndipo nikamwona Tata anakuja mbio kati ya migomba, akafika mlangoni, akasimama kana kwamba kuna ukuta.

"Ana nini?" akauliza, uso ameuelekeza pembeni.

"Kichwa, Tata. Na macho hayaoni vizuri."

"Amevimba uso?"

"Uso na mikono. Ingia unisaidie kumbeba."

Haingii. Mvua inampiga. Nikasema, "Sista alisema ni presha, lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini mimi simpi mawazo, Tata! Muulize mwenyewe kama nimewahi kumgombeza!"

Hapo ndipo alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile tena, hata na askari.

"Wewe unadhani hii presha imekuja kukushtaki wewe?" akasema. "Damu ya mtu inachemka kichwani mwake, na wewe unatetea jina? Jina gani? Nani anakujua?"

Akapunguza sauti.

"Dada yangu alianza hivi hivi. Kichwa, halafu cheche. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Nilisimama nje ya nyumba yao kwa heshima, kama ninavyosimama hapa. Mimi na shemeji tukasema tungoje wanawake warudi. Waliporudi kifafa kilikuwa kimemtupa chini, na hakuamka. Heshima yangu nilirudi nayo nyumbani nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Yeye tukamzika."

Akaiweka kofia yake kichwani, akaibana vizuri, akainua mguu, akaingia.

Kemunto alipomwona, pamoja na maumivu yote yale, alivuta leso akajifunika uso. "Tata, usiingie," akalia. "Utapata mkosi kwa ajili yangu."

"Mkosi wangu nitaubeba mwenyewe, mama," akamwambia. "Wewe nishike shingo."

Tukamweka kwenye kiti cha mbao, tukamfunga na shuka asianguke, Tata mbele na mimi nyuma, tukaanza kupanda. Nilikuwa na haraka, nasukuma. Mzee akanigombeza njia nzima: "Polepole! Huyu si mkungu!" Mguu wake ukateleza, akapiga goti kwenye tope, lakini kiti hakikugusa chini. Hadi leo sijui alitoa wapi nguvu zile.

Barabarani kulikuwa na pikapu imejaa ndizi, dereva anafunga turubai. Nilizijua ndizi zile. Ilikuwa ni mali yangu yote niliyokuwa nimeikusanya niuze siku hiyo.

"Shusha!" nikamwambia.

"Nishushe wapi, na mvua hii? Mwenyewe atanila nyama!"

"Mwenyewe ni mimi! Mwaga!"

Tukazimwaga mtaroni, mwanangu, na sikugeuka kuziangalia. Wewe unayenijua kwa ndizi, jua kwamba biashara yangu nimewahi kuitupa kwenye mtaro kwa mikono yangu, na nilikuwa sahihi.

Hospitali walimpokea mbio. Walipompima mkono tu, sista akaita wenzake. Kabla hawajamaliza kumtundikia maji, macho yakageuka, mwili ukaanza kurukaruka. Kifafa cha mimba. Nilitaka kumrukia nimshike. Sista akanisukuma kando, akamlaza ubavu, mwingine akampiga sindano, na wote walifanya kazi bila kupiga kelele hata moja. Mwili ukatulia. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, sikumbuki nilikaa saa ngapi.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, anaongea haraka. Nikamshika koti. Nilikuwa na swali moja tu lililokuwa linaniunguza.

"Daktari, niambie ukweli. Ni mawazo? Ni mimi?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama mvua ni nyeusi.

"Si wewe, si mawazo, na si uchawi, kama unataka kuuliza na hilo. Huu ugonjwa unatoka kwenye mimba. Mishipa ya lile kondo linalomlisha mtoto haikukaa sawa, na mwili wa mama umepandisha damu. Unashika figo, unashika ini, unashika kichwa. Hata mke anayebembelezwa asubuhi na jioni unampata. Mngekuja siku aliyoambiwa, kazi ingekuwa nyepesi."

"Na dawa yake?"

"Hizi dawa zinashusha presha na kuzuia kifafa. Lakini ugonjwa wenyewe hauanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo watoke. Kwa hiyo mtoto anatoka leo, hata kama hajatimiza."

Tata, aliyekuja nasi kwenye pikapu, akasimama. "Mtoe," akasema. "Watoe wote wawili, daktari, na nitawapeleka nyumbani wote wawili."

Na walitoka, mwanangu! Walitoka wote wawili! Mtoto alikuwa mdogo, unaweza kumweka kwenye kiganja na nafasi ikabaki, lakini alilia kwa sauti ya mpiga debe wa stendi. Wakamweka kwenye joto, baadaye wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Msichana. Tata aliposikia ni msichana, aliuliza kitu kimoja tu: kama tumeshatafuta jina. Nikamwambia jina analo yeye. Akasema "Moraa," akatoka nje haraka. Lilikuwa jina la dada yake.

Mama yangu alikuja na uji, analia na kucheka. Alipoona Kemunto ameketi, akasema basi, mtoto ametoka, twende nyumbani akale vizuri. Sista akakataa. "Mama, mtoto ametoka, presha bado. Hii inaweza kurudi na kifafa hata baada ya kuzaa. Akitoka hapa ni mimi nimesema." Mama akamwangalia Tata, akaweka uji chini. Alianza kumpepea Kemunto. Na nikuambie, kuanzia hapo, mwanamke yeyote kijijini akisema presha ni mawazo, Mama ndiye anayemrukia wa kwanza.

Mambo hayakuishia hospitali. Tuliporudi nyumbani, wazee wa ukoo walikuwa wamesikia. Wakamwita Tata, wakaketi, na mimi nyuma yake. Msemaji wao akaanza kwa kukohoa.

"Tumesikia uliingia nyumba ya mwanao."

"Niliingia."

"Na ukamshika mke wa mwanao."

"Nilimbeba. Shingo yangu bado inauma."

"Unajua kuna mbuzi wa kusafisha jambo kama hilo."

"Mbuzi nitachinja," Tata akasema. "Nimeshamfunga pale nyuma, mnene. Lakini msikosee mkadhani ni wa kusafisha. Ni wa kumkaribisha mjukuu. Anayetaka kula, akale akijua anasherehekea nini. Anayetaka kusafishwa, maji yako mtoni."

Mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri akauliza, "Amesema mbuzi ni mnene?" Wakaanza kucheka mmoja mmoja, hadi msemaji naye akashindwa kujizuia. Mbuzi aliliwa mpaka mifupa ikaachwa haina kitu. Chinsoni yetu haikufa siku hiyo, mwanangu. Bado tunaishika, na Tata alirudi kukohoa kwenye migomba hadi mwisho wa maisha yake. Lakini kila mtu alijua sasa iko kwa ajili ya nini, na inaishia wapi.

Moraa huyo leo ni mwanamke mwenye nyumba yake huko Nyakoe, ana duka, ana mdomo kama wa baba yake. Juzi ameniambia ni mjamzito. Sikungoja chai. Nilimwambia, "Ukifika kliniki, kabla hujaketi, mwambie sista mama yako alipata kifafa cha mimba." Maana wametueleza kwamba binti wa mama aliyepatwa na jambo hili yuko karibu nalo kuliko wengine. Akamwambia. Sista akampangia kuja kupimwa mara kwa mara, na akampa vidonge vidogo vya kila siku vya kumkinga. Mimi mwenyewe nilimsindikiza. Niliketi kwenye benchi ile, mwanaume peke yangu kati ya wanawake, na tumbo langu kubwa kuliko la baadhi yao. Mmoja akanitania, "Mzee, yako ni ya miezi mingapi?" Nikamwambia yangu ni ya ndizi. Tulicheka, lakini sikuhama.

Sasa nisikilize, mwanangu, uwe wa kiume au wa kike.

Presha ya mimba haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nayo na asihisi chochote, anacheka, anachuma chai. Ndiyo maana kliniki si ya kwenda ukiwa mgonjwa. Nenda mapema, nenda kila unapoitwa, na usitoke kabla hujapimwa mkono na mkojo. Wakisahau, waambie. Uliza, "Imesoma vipi?" Ni mwili wako, una haki ya kujua.

Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida la mimba, usilie kwa hilo. Lakini uso ukivimba ghafla, mikono ikivimba, kichwa kikiuma na kisiache, macho yakiona ukungu au cheche, maumivu yakishika chini ya mbavu, pumzi ikikosekana, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, usiketi kungoja mtu arudi sokoni. Usichemshe mizizi. Usianze kumuuliza mke ana mawazo gani. Ni hospitali, saa hiyo hiyo. Kifafa kikimshika njiani, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na uendelee na safari.

Akishajifungua, usimwambie amepona. Wiki za baadaye bado ni za kuangaliwa. Kichwa kikirudi, mrudishe. Na dawa aliyopewa asiikate kwa sababu anajisikia vizuri, wala usimnunulie vidonge dukani kwa kuwa jirani alipewa. Vya jirani ni vya jirani. Mimba ikija nyingine, aseme yaliyompata kwenye ile ya kwanza.

Na wewe kijana mwenye maringo, ninakupenda kwa sababu nakujua. Mke wako akiambiwa ana presha, hakuna aliyekutukana. Weka kifua chako chini, umtafutie gari. Ukiwa mzee, na desturi ikasimama kati yako na mtu anayekufa, ingia. Mimi hapa nina mali, nina jina, na yote nimeyatafuta mwenyewe bila msaada wa mtu. Ila Kemunto na Moraa. Hao niliwapata kwa sababu mzee mmoja alikubali kuvuka mlango, na kila nikiwaona wameketi pamoja wakinisengenya, najua mimi ndiye niliyeshinda kuliko wote hapa Keumbu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe uzao usioleta matanga. Akupe watu wa kukubeba mlimani na gari la kukungoja barabarani. Mama atoke akitembea, mtoto atoke akilia, nanyi mzeeke mkiwa na wajukuu wa kuwapigia kelele. Ibarikiwe nyumba yako, na mlango wake.